UZI: Ohn no khao swè, supu ya tambi ya Burma. Nazi inasifiwa, kazi inafanywa na dengu

Sufuria Nyeusi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Jukwaa hili pilau na biriani zimeshapigiwa kelele vya kutosha. Leo naomba tuvuke bahari twende Burma, nchi ambayo kwenye ramani za siku hizi inaandikwa Myanmar. Kuna supu yao inaitwa ohn no khao swè, yaani tambi za tui la nazi. Mimi ni mpishi wa meli, mtu wa Tanga, na kwenye meli za mizigo mabaharia wa Kiburma wamejaa kweli kweli. Ukikaa nao safari nzima, supu hii utaijua kabla hujajua kuwasalimia.

Nimeamua kuanzisha uzi kwa sababu naona imeanza kusambaa mitandaoni na inasambaa vibaya. Mtu anafungua kopo la tui, anamwaga bizari, anatumbukiza tambi, anaandika "Burmese". Halafu anaongeza kahistoria ka mistari miwili kwamba ilitoka Thailand. Hapana jamani.

Nianze na bakuli lenyewe kwa ambao hawajawahi kuliona. Mchuzi ni wa manjano unaoelekea rangi ya chungwa, mzito kuliko supu na mwepesi kuliko rojo la kulia wali. Ndani kuna tambi za ngano, zile nene kidogo zenye yai, na nyama ya kuku iliyochambuliwa. Juu yake wanapanga yai la kuchemsha lililokatwa, vitunguu vibichi vilivyokatwa vyembamba kama karatasi, kotimiri, na tambi nyingine zilizokaangwa mpaka zikawa kavu za kuvunjika. Pembeni kuna ndimu, pilipili kavu iliyokaangwa kwa mafuta, na chupa ya sosi ya samaki. Wengine huongeza bajia za dengu za kupasuliapasulia mle ndani.

Hivyo vya pembeni ni nusu ya chakula, si mapambo. Mpishi anakupa mchuzi mtamu, wa mafuta, uliopoa kidogo kwa ladha, halafu wewe mlaji ndiye unayeumalizia. Kuna jamaa mmoja wa chumba cha injini, mtu wa Mawlamyine huko kusini, alikuwa na utaratibu wake ambao haukubadilika. Anaonja mchuzi mtupu. Anakamulia nusu ndimu, anaonja. Anadondosha sosi ya samaki, anaonja tena. Pilipili inafuata. Tambi kavu anaziweka za kijiko kimoja kimoja, anakula, anaweka nyingine, ili kila akitia mdomoni kuwe na cha kutafuna. Ukimmwagia zote kwa pamoja zikalowa, anakuangalia vile ambavyo mama mkwe anakuangalia ukimwaga chumvi.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Kila anayeisifia supu hii anataja tui. Sawa, tui lipo na jina limechukua. Lakini kinachoifanya iwe ya Kiburma ni unga wa dengu. Wanaukoroga kwa maji baridi, wanauchuja, wanaumimina kwenye supu ya kuku ichemke polepole mpaka ule ubichi wake uishe. Tui huja baadaye kabisa. Unga ule unashika maji na mafuta ya nazi vikae pamoja, unaupa mchuzi uzito bila kuhitaji mafuta mengi, na unaleta ladha ya kunde iliyoiva ambayo usipoambiwa utashindwa kuitaja, utasema tu "hapa kuna kitu". Toa dengu, ubaki na tui na bizari, umepata mchuzi wa nazi wenye tambi. Mtamu, sikatai, ila si huo.

Jambo la pili. Ukitazama mapishi ya kila siku ya Waburma, tui ni mgeni. Mchuzi wao wa kawaida ni wa mafuta: vitunguu, thomu na tangawizi vinapondwa, vinakaangwa na bizari mpaka maji yote yakauke na mafuta yajitenge juu, ndipo nyama inaingia. Nazi utaikuta kwenye wali wa sherehe, kwenye vitamutamu, na humu. Kwa hiyo tunazungumzia chakula ambacho hata kwao kimekaa kando na vyakula vingine, na hapo ndipo swali la asili yake linapokuwa tamu.

Burma ya katikati, kuanzia Mandalay kushuka Bagan hadi Magway, ni nchi kavu. Huko mnazi hausitawi, miti yao ni mivumo. Dengu ndiyo inapendezwa na huko, na maeneo ya Sagaing, Magway na Mandalay ndiyo ghala lake. Minazi iko chini, baharini: delta ya Irrawaddy, pwani ya Mon, na mkia ule mrefu wa Tanintharyi unaoshuka kuelekea Malaysia. Tambi za ngano si za shamba la kule chini hata kidogo, hizo zina mkono wa Wachina. Sasa jiulize, ni wapi dengu ya juu, nazi ya chini na tambi ya Mchina vilikutana sokoni kwa mtu wa kawaida mwenye kibanda chake?

Jibu langu ni Rangoon, Yangon ya leo, na bandari zilizoizunguka. Waingereza waliichukua Burma ya chini mwaka 1852, wakaipanga Rangoon upya kwa mistari iliyonyooka na kuifanya bandari kubwa ya mchele. Wachina wa Fujian na Guangdong walishuka kwa meli wakajaza mitaa ya Latha na Lanmadaw. Wahindi waliingia kwa wingi zaidi, maana Burma ilitawaliwa kama mkoa wa India hadi 1937: Watamil, Watelugu, Wabengali, Wagujarati, Wamemon. Sensa ya 1931 iliwakuta Wahindi ni zaidi ya nusu ya wakazi wa Rangoon. Mji wa namna hiyo haukosi bakuli la namna hii.

Karibuni tujadili. Mapishi nitaweka nikiombwa.

---

Mtoto wa Vuga

Mkuu, umeelezea nikajiona nimesimama Forodhani. Mchuzi wa manjano, mzito kiasi, bajia ndani, yai, pilipili pembeni, ndimu… si urojo huo? Tofauti ni tambi tu.

---

Sufuria Nyeusi

Mtoto wa Vuga, nilijua Mzanzibari atakuja na hilo, na sikulaumu. Namna ya kula inafanana kabisa: muuzaji anajenga bakuli mbele yako, na wewe unaamuru hiki zidisha, kile punguza. Ila uchachu wa urojo unapikwa humo humo, kwa embe mbichi au ukwaju au ndimu, na mwili wake mara nyingi ni unga wa ngano. Hii ya Burma inatoka jikoni haina uchachu hata chembe, na chini yake kuna supu ya kuku ya mifupa. Mtu aliyezoea urojo akiionja kabla ya ndimu atasema imepooza.

---

Mbishi Asilia

Uzi mzuri ila tuweke ukweli mezani. Nimekaa Chiang Mai kikazi. Kule kuna khao soi: tambi za yai, tui, kuku, bizari, ndimu, tambi za kukaanga juu. Jina karibu ni lile lile. Watalii wote wanaijua khao soi, hii yako ndiyo nasikia leo. Sasa nani kamuiga nani?

---

Sufuria Nyeusi

Mbishi, umaarufu kwa watalii ni suala la mashirika ya ndege, usiulete kwenye historia.

Tuzitenganishe kwanza mezani. Khao soi ya Chiang Mai inaanza na viungo vilivyopondwa pamoja kama kinyunya, pilipili kavu ikiwa mbele, na unga wa bizari mchanganyiko. Pembeni wanakupa majani ya haradali yaliyochachushwa, vitunguu vidogo na ndimu. Mchuzi wake ni mwepesi, mafuta mekundu yanaelea juu. Unga wa dengu haumo. Ya Burma haina haradali iliyochachushwa, viungo vyake ni vichache mno, na uzito wake ni wa dengu. Ukifungwa kitambaa machoni utazijua.

Kuhusu historia, khao soi inahusishwa na Waislamu wa Yunnan, wale wachuuzi wa misafara ya nyumbu waliokuwa wakishuka milimani kutoka kusini mwa China na bidhaa zao. Mpaka leo pale Chiang Mai, vibanda mashuhuri vya khao soi ya halali viko mtaa wa msikiti wa Ban Haw, msikiti wa watu hao hao. Na kuna jambo ambalo kwenye ubishi huu huwa linasahaulika: ukivuka kwenda Laos, khao soi yao haina tui hata tone. Ni supu ya wazi yenye nyama ya kusaga na maharage yaliyochachushwa. Tambi za Washan ndani ya Burma yenyewe, karibu na mpaka huo huo, nazo hazina tui. Maana yake tambi zilishuka kutoka milimani bila nazi, nazi ikazikuta chini.

Hao hao Wayunnan Burma inawaita Wapanthay. Baada ya uasi wao dhidi ya dola ya Qing iliyotawala China, ulioanza 1856 na kuzimwa 1873, wengi walikimbilia Burma, na Mandalay wana msikiti wao wa tangu enzi za mfalme. Wapo wanaosema supu yetu hii ni mtoto wao, na baadhi ya mapishi ya zamani ya Kiingereza yaliita tambi za kuku na nazi za Burma "Panthe kaukswe". Hoja ina nguvu kwa kuwa supu ni ya kuku, na Burma imejaa tambi za Kichina za nguruwe. Nami nasema hivi: tambi wampe Mpanthay au mtu wa Fujian, vyovyote. Ila Mpanthay alitoka milimani, hakuja na mnazi mgongoni.

Chiang Mai yenyewe ilikuwa chini ya Waburma kuanzia 1558 kwa zaidi ya karne mbili, kwa hiyo mtu akitaka kusema Thailand ndiyo iliyoiga atapata pa kushika pia. Mimi siendi huko. Naziona ni ndugu wa baba mmoja, kila mmoja kalelewa na mama yake.

---

Nimekaa Pale

Naweka kambi hapa. Uzi bila picha haunogi mkuu.

---

Mjukuu wa Askari

Habari za jioni wakuu. Mimi niko Nairobi. Hapa tuna soko la Burma, kando ya Jogoo Road, watu wanaenda kununua nyama, na wengi hawajiulizi jina limetoka wapi. Marehemu babu yangu alikuwa KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alipigana Burma. Alikuwa akitaja mvua, matope na ruba, chakula hakutaja. Sasa nauliza: hawa wazee hawakukutana na supu hii? Pengine ndiyo iliwafundisha kitu wakarudi nacho?

---

Sufuria Nyeusi

Mjukuu, Mungu amrehemu babu. Ningependa sana jibu liwe ndiyo, uzi ungenoga. Lakini tuangalie walipopita.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na vijana wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland, iliingia Burma kutoka upande wa India katikati ya 1944, mvua za masika ya kule zikiwa zimepamba moto. Walishuka bonde la Kabaw kupitia Tamu, bonde ambalo kwa malaria lilikuwa na sifa mbaya kuliko risasi, wakaingia Kalewa mwanzoni mwa Desemba 1944 na kusaidia kuvuka mto Chindwin. Hayo yote ni kaskazini magharibi, misitu na matope, mbali kabisa na minazi. Vijiji vilikuwa vimehamwa. Chakula chao kilikuwa mgao wa jeshi, na sehemu kubwa kilidondoshwa na ndege. Rangoon ilikombolewa Mei 1945, na wakati huo divisheni ile ilikuwa imeshatolewa mstari wa mbele. Kwa hiyo ruba babu aliwajua vizuri, supu hii sidhani kama alipewa nafasi.

---

Bibi Mchuzi

Wanangu, mnazungumza historia sisi wengine tumeshabandika sufuria. Mwanzisha uzi, toa mapishi, na useme vipimo. Usituambie "kiasi".

---

Sufuria Nyeusi

Shikamoo Bibi. Haya, watu sita wanaokula vizuri.

Kuku mmoja wa kilo moja na nusu. Wa kienyeji ni bora, ila achemke muda mrefu. Mchemshe mzima kwa lita mbili za maji na kipande cha tangawizi na chumvi. Akiiva mtoe, chambua nyama, mifupa irudishe kwenye supu iendelee moto mdogo.

Ponda vitunguu maji vitatu vikubwa, punje sita za thomu na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba. Mashine ya kusagia inafaa, lakini usiongeze maji. Kaanga kwa robo kikombe cha mafuta, kijiko kimoja cha chai cha bizari ya manjano, na vijiko viwili vya chai vya pilipili nyekundu isiyo kali, ni ya rangi. Hapa usiwe na haraka. Vitunguu vitalia, vitatulia, vitaanza kushika chini ya sufuria, na mwisho utaona mafuta yanatoka pembeni. Kabla ya hapo bado. Tia nyama uliyochambua na vijiko vitatu vya chakula vya sosi ya samaki, igeuze mpaka ishike rangi.

Unga wa dengu, vijiko sita vya chakula vilivyojaa. Ukoroge na kikombe na nusu cha maji baridi. Nasisitiza baridi, maana ukitumia supu ya moto utapata madonge ambayo hata mwiko wa ugali hautayamaliza. Chuja. Ondoa mifupa kwenye supu, mimina dengu huku unakoroga, iache ichemke dakika 20 hivi. Onja: ukisikia unga mbichi kwenye ulimi, endelea. Ukisikia njugu, imetosha. Sasa ingiza nyama na masala yake, na vitunguu vidogo vizima vya kuambatana na supu kama unavyo.

Tui la nazi mbili. Tui jepesi unaweza kulitia mapema pamoja na dengu. Tui zito lihifadhi hadi mwisho, moto mdogo, sufuria wazi, koroga kuelekea upande mmoja lisikatike. Dengu itakusaidia kulishika, lakini usiitegemee ukageuza mgongo. Likianza kutokota pembeni, epua.

Tambi gramu 500. Chemsha peke yake, chuja, zipake mafuta kidogo. Kiganja kimoja cha tambi hizo ziache zikauke kisha zikaange ziwe za kuvunjika. Mayai, vitunguu vibichi vilivyooshwa kwa maji baridi, kotimiri, ndimu, pilipili. Usipike tambi ndani ya supu, Bibi, tafadhali.

---

Bibi Mchuzi

Marahaba mwanangu. Vipimo nimevipenda. Lakini hiyo sosi ya samaki kwangu haiingii, harufu yake siiwezi. Nitaweka chumvi.

---

Sufuria Nyeusi

Bibi, chumvi itafanya kazi ya chumvi. Ila nikuombe ujaribu vijiko viwili tu, na viingie wakati nyama inakaangwa, sio mwishoni. Ikishapikwa pamoja na vitunguu ile harufu inakufa na kinachobaki ni utamu wa nyama. Hata mgeni hatajua. Chupa ya mezani iache kwa wanaoipenda.

---

Baharini Muscat

Assalaam alaykum wakubwa. Mimi mwenyeji wa Lamu, nipo Muscat. Ofisini kuna Wapakistani wa Karachi, Wamemon, na Ijumaa huwa wanaleta chakula wanakiita khausa. Wanaweka spageti chini, juu yake mchuzi wa njano mzito, juu yake tena nyama ya ng'ombe ya masala makali, halafu vibanzi vya viazi vya pakiti, thomu ya kukaanga, limau na chaat masala. Wanasema "hiki ni chakula chetu cha asili". Nilipokisoma kisa chako nikashtuka. Ni hiki hiki?

---

Sufuria Nyeusi

Wa alaykum salaam. Ndiyo, ni hiki hiki, kimevaa kanzu nyingine. Na umenigusa pale ambapo mimi naona ndipo penyewe, kwa hiyo nivumilieni nirefushe.

Wamemon ni jamii ya wafanyabiashara Waislamu, na wengi wao wametokea Kathiawar, Gujarati. Wakati wa Waingereza wengi walikuwa na biashara Rangoon, wao na Wasurati, watu wa mji wa Surat. Soko kubwa la Theingyi lililopo mpaka leo katikati ya mji lilikuwa likiitwa Soko la Wasurati. Familia hizo zilizaa na kuzika kule, na jikoni kwao kukaingia tambi za nazi.

Machi 1942 Wajapani waliingia Rangoon. Karibu nusu milioni ya Wahindi waliikimbia Burma, na wasiopata meli walitembea kwa miguu kupitia milima ya Assam na Manipur. Maelfu kwa maelfu walifia njiani. Vita vikaisha, wengine wakarudi, uhuru ukaja Januari 1948. Kisha tarehe 2 Machi 1962 Jenerali Ne Win akapindua serikali. Mwaka 1963 na 1964 maduka na viwanda vikataifishwa, noti za kyat 50 na 100 zikafutwa, na mtu mwenye duka la miaka 40 akaamka hana kitu. Takriban laki tatu waliondoka, na kwenye forodha walizuiwa kutoka na mali, hata vito vya wanawake. Watu wa Afrika Mashariki wanaokumbuka Uganda ya 1972 hawahitaji kuelezwa zaidi.

Mapishi hayakaguliwi forodhani. Waliofika Karachi walikuta nazi ni shida na mtindi ni tele, kwa hiyo ule mchuzi wa dengu na tui wengi wakaupika kama kadhi, yaani dengu na mtindi, na wengine wakachanganya tui na mtindi. Kuku akawa ng'ombe. Sosi ya samaki ikatoweka kabisa. Tambi za Mchina zikawa spageti. Tambi za kukaanga zikawa vibanzi vya pakiti. Lakini ona kilichobaki: dengu, na ule utaratibu wa kujijengea bakuli kwa vitu vikavu na vichachu. Waliofika Madras, Chennai ya leo, walipewa vibanda karibu na bandari, pakaitwa Burma Bazaar, na pembeni yake mpaka sasa wanauza atho, tambi zilizochanganywa na kabichi, vitunguu na ukwaju, pamoja na supu ya shina la mgomba. Ile supu ni kumbukumbu ya mohinga, supu ya samaki ambayo Burma nzima inaila asubuhi. Atho haina tui.

Na ndani ya Burma mambo ni hayo hayo. Kutoka Rangoon panda mto Irrawaddy hadi Shwedaung, karibu na Pyay. Wana tambi zao za Shwe Taung: kuku na tui vile vile, ila mchuzi umekauka, ni wa kupaka tambi badala ya kuzizamisha. Endelea hadi Mandalay, unakutana na nan gyi thoke, tambi nene za mchele zinazochanganywa kwa mkono na mchuzi wa kuku na unga wa dengu uliokaangwa, yai juu, ndimu pembeni. Maji yamekwisha, nazi imekwisha. Kuku, dengu, yai na ndimu vimefika salama.

Ndiyo maana nasema tui limebeba jina tu.

---

Mbishi Asilia

Hapo kwa Mandalay na Karachi kutupa nazi wote wawili, nakubali umenifunga mdomo. Thailand nabaki nayo.

---

Sufuria Nyeusi

Baki nayo mkuu, haradali yao iliyochachushwa ni tamu, siwezi kukupinga.

---

Daktari wa Mtaa

Swali la afya. Tui zito, mayai, mafuta ya kukaangia. Mtu mwenye presha?

---

Sufuria Nyeusi

Waburma wenyewe wana hofu hiyo hiyo, hasa wazee wao: wanasema tui linapandisha presha. Ndiyo maana utakuta nyumba nyingine zinaweka maziwa ya kopo yasiyo na sukari badala ya tui. Nimeila hivyo, inalika, ingawa inakuwa laini mno na inakosa ule mkia wa nazi unaobaki kooni. Mimi ningepunguza tui nusu, nikaongeza supu ya kuku na kijiko kimoja cha dengu, uzito unabaki ule ule. Ushauri wa tiba si wangu, huo ni wako Daktari.

---

Bibi Mchuzi

Nimepika. Wajukuu wamemaliza, wamesahau hata kuuliza wali. Sosi ya samaki nilitia kijiko kimoja, usinihesabie. Sasa kuna sufuria nusu imebaki, asubuhi nimeikuta imeganda kama uji. Nimeongeza tui likakatika. Nifanyeje?

---

Sufuria Nyeusi

Hiyo ni dengu Bibi, ikilala inakunywa maji. Ikiganda ongeza supu ya kuku au maji ya moto, sio tui, kidogo kidogo huku unapiga kwa mwiko, na moto uwe mdogo mpaka ilegee. Hilo lililokatika lisage kwenye mashine pamoja na kijiko cha dengu iliyokorogwa, rudisha motoni lichemke taratibu kama dakika kumi, litashikana. Tambi zilizolala usizirudishe humo, zichovye kwenye maji yanayochemka uzitoe hapo hapo. Na vitunguu vibichi kata vipya, vya jana vimeshakuwa vichungu.